Ni kweli Ted Kennedy ndiye aliyeleta green card? Jibu refu kwa kijana wa Mwanza

Swali lenyewe kwa ufupi: "Shikamoo mwalimu. Nimejaza bahati nasibu ya green card mara nne sijapata. Juzi nalalamika nyumbani mjomba akanambia hiyo kitu alileta Kennedy, nikamcheka manake Kennedy aliuawa 1963, akasema sio huyo, ni mdogo wake aliyekaa bungeni kule karibu miaka 50. Tumewekeana kreti la soda. Huyu mdogo mtu alikuwa nani, alisimamia nini, na wakisema alikuwa liberali wana maana gani? Na kukaa miaka yote hiyo si kung'ang'ania tu?"

Marahaba kijana wangu. Kreti la soda usilinunue kwanza, subiri nimalize, manake mjomba wako kapatia lakini hajapatia yote, na wewe umekosea lakini sio kote.

Anaitwa Edward Moore Kennedy, watu walimzoea kama Ted, kazaliwa Boston tarehe 22 Februari 1932, kitinda mimba kwenye nyumba ya watoto tisa. Baba tajiri, aliwahi kuwa balozi wa Marekani Uingereza, na mzee yule alikuwa na mipango ya kisiasa kwa kila mtoto wa kiume. Kaka yake John aliposhinda urais 1960 kiti chake cha useneta wa Massachusetts kikabaki wazi, na Ted alikuwa na miaka 28 tu wakati katiba yao inataka 30. Unajua walifanya nini? Akawekwa rafiki wa familia, Benjamin Smith, akikalie kile kiti mpaka mtoto afikishe umri, yaani ile ile ya kuacha ndoo yako kwenye foleni ya bombani ukaenda kunywa chai. Mwaka 1962 Ted kafikisha 30, kachukua fomu. Kwenye kura za maoni za chama mpinzani wake Edward McCormack alimwambia mdahaloni mbele ya watu kwamba angekuwa anaitwa Edward Moore tu, bila hilo Kennedy, ugombea wake ungekuwa kichekesho. Na alikuwa anasema kweli kabisa! (Ila huyo McCormack naye alikuwa mpwa wa Spika wa bunge la chini, kwa hiyo nyani haoni kundule.) Ongeza kwamba Ted alishawahi kufukuzwa Harvard kwa kumtuma mwenzake akamfanyie mtihani wa Kihispania, akaenda jeshini, akarudishwa, akamaliza. Kwa hiyo ukiniuliza alivyoingia, aliingia kwa mlango wa ukoo, hilo sina haja ya kulipaka rangi. Ninachotaka tukiangalie ni alichofanya baada ya kuingia, manake watoto wa wakubwa wanaoingia bungeni ni wengi, wanaofanya kazi wanahesabika.

Sasa hilo neno liberali. Sisi huku limetuchanganya kwa sababu tumesoma vitabuni uliberali mamboleo, ule wa kubinafsisha mashirika na kuacha soko liamue kila kitu, kwa hiyo mtu akisikia Kennedy ni liberali anadhani alikuwa mtu wa soko huria. Marekani limegeuka, kule liberali ni yule anayeamini serikali iingie kati: itoe bima ya afya, ipandishe kima cha chini cha mshahara, ilinde haki za weusi, za wanawake, za walemavu, za wahamiaji, na matajiri walipe kodi zaidi. Ted ndiye aliyekuwa bendera ya watu hao, mpaka wapinzani wake wa chama cha Republican (yeye alikuwa Democrat) wakitaka kuchangisha hela za kampeni walikuwa wanatuma barua zenye jina lake kutishia watu wao. Alafu cha ajabu, huyo huyo miaka ya 70 ndiye aliyesukuma serikali iache kupanga nauli za ndege (sheria ikapita 1978) na baadaye biashara ya malori 1980, kwa hoja kwamba mpango ule unalinda makampuni na kumkamua abiria. Kwa hiyo usimpe mtu lebo ukadhani umemmaliza.

Haya tuje kwenye green card, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, ndio kilichokuleta.

Kabla ya 1965 Marekani walikuwa na utaratibu wa mgawo kwa nchi uliotungwa miaka ya 20, lengo wazi kabisa ni kuifanya nchi ibaki ya watu wa Ulaya ya kaskazini. Uingereza walikuwa na nafasi zaidi ya 65,000 kwa mwaka, Ireland zaidi ya 17,000. Tanganyika? Watu 100. Sijakosea sifuri, mia moja kwa mwaka, nchi nzima, na kiwango hicho hicho walipewa Ruanda-Urundi kwa pamoja. Sasa John Kennedy alitaka kuufuta ule mfumo, akauawa kabla, Rais Johnson aliyemfuata akaubeba mpango, na ndani ya Seneti kazi ya kuusimamia muswada mpaka upite ikapewa seneta kijana wa miaka 33, Ted. Sheria yenyewe ina majina ya wengine, Hart na Celler, lakini aliyesimama ukumbini kuitetea ni yeye. Ikasainiwa Oktoba 1965 chini ya ile Sanamu ya Uhuru New York. Mgawo wa rangi na asili ukafa, ikawa kila nchi ya upande wetu wa dunia ina kikomo sawa cha watu 20,000, na kipaumbele kikubwa wakapewa wenye ndugu kule pamoja na wenye ujuzi.

Hapa ndipo napenda kuwaambia wanafunzi wangu wasikilize vizuri. Ted aliwahakikishia maseneta wenzake kwamba miji ya Marekani haitajazwa na wahamiaji milioni moja kwa mwaka na kwamba mchanganyiko wa watu hautavurugika. Hakupatia hata kidogo, idadi ilikuja kupita milioni moja na sura ya nchi ikabadilika, Waasia na Walatini wakaja kwa mamilioni. Wapinzani wake mpaka leo wanasema alidanganya. Mimi naona hakudanganya ila hakupiga hesabu, manake wote walidhani kigezo cha ndugu kitawafaidi Wazungu wenye ndugu tayari, hakuna aliyefikiria kwamba Mfilipino mmoja nesi akishapata uraia atamvuta mama, mama atamvuta kaka, kaka atakuja na mke. Sisi watu wa ukoo mpana tungewaambia hilo siku ya kwanza.

Na nani aliumia na sheria hiyo? Waairishi! Watu wa kwao mwenyewe, ukoo wa Kennedy umetoka Ireland na Boston imejaa Waairishi. Waliokuwa na nafasi 17,000 za bure sasa wanaambiwa mna ndugu wa karibu huku? Hawana, ndugu zao walishahama zamani sana. Miaka ya 80 uchumi wa Ireland ukawa mbaya, vijana wakaingia Boston na New York kwa viza za matembezi wakabaki wanajenga nyumba na kulea watoto wa watu bila karatasi. Wabunge wa maeneo hayo wakabanwa na wapiga kura wao. Mbunge mmoja wa Massachusetts, Brian Donnelly, akachomeka kwenye sheria ya 1986 mpango wa viza kwa nchi zilizoumizwa na ile sheria ya 1965, na utaratibu ulikuwa wa kutuma barua, anayewahi anapata, watu wakaruhusiwa kutuma barua nyingi wanavyotaka, basi zikamiminika zaidi ya milioni moja, posta ikakoma.

Kutoka hapo ndio ikaja Sheria ya Uhamiaji ya 1990, iliyosainiwa na Bush mkubwa mwezi Novemba mwaka huo. Kwenye Seneti muswada ule ulibebwa na Ted Kennedy. Bunge la chini kulikuwa na Bruce Morrison na Charles Schumer, na hao nao wana haki ya kudai mtoto ni wao, kwa hiyo mjomba akisema aliileta Kennedy peke yake anawadhulumu wenzie. Ndani ya sheria hiyo ndio kuna bahati nasibu unayoijaza: nafasi 55,000 kwa mwaka kuanzia 1995, baadaye zikapunguzwa kuwa kama 50,000 ili kuwapa nafasi watu wa Amerika ya Kati, na nchi ambayo imeshapeleka zaidi ya watu 50,000 ndani ya miaka mitano inatolewa, ndio maana Wanigeria walikuja kufungiwa na Watanzania wakabaki. Miaka mitatu ya mwanzo kabisa, kabla bahati nasibu ya kawaida haijaanza, asilimia 40 ya nafasi ilitengwa kwa Waairishi. Unaona? Chungu kile kilibandikwa kwa ajili ya Waairishi wa Boston. Alafu Ireland uchumi wake ukapanda miaka ya 90, vijana wao wakaacha kuhangaika, na chungu kikabaki jikoni kinachemka, wakaja kula Waafrika. Wakenya, Wakongo, Waethiopia, wote hao unaowaona Minnesota na Texas wenye green card ya bahati nasibu wamekalia kiti kilichotengenezewa mtu mwingine. Mimi sijaona mfano mzuri kuliko huu wa sheria kwenda isikotumwa.

Kuna nyingine ambayo kwetu huku imegusa watu wengi zaidi ila haina jina kubwa, Sheria ya Wakimbizi ya 1980. Kabla ya hapo Marekani mkimbizi rasmi alikuwa ni mtu aliyekimbia nchi ya kikomunisti au Mashariki ya Kati, mwingine anabahatisha tu. Kennedy alikuwa ameshika kamati ndogo ya wakimbizi tangu miaka ya 60, alipigia kelele njaa ya Biafra kule Nigeria, mwaka 1971 akaenda mwenyewe kwenye makambi ya India kuwaona Wabengali waliokimbia mauaji akarudi kumsuta Rais Nixon kwa kuiunga mkono Pakistan (Bangladesh wanamkumbuka mpaka leo, alipanda mti Chuo Kikuu cha Dhaka). Sheria ya 1980 ikachukua tafsiri ya Umoja wa Mataifa, mkimbizi ni anayeogopa kuteswa kwa rangi, dini, utaifa, kundi lake au siasa zake, bila kuuliza amekimbia serikali ya aina gani, na ikaweka mfumo wa kuwapokea kila mwaka. Wakongo walioondoka Nyarugusu, Wasomali wa Dadaab, Warundi wa 1972 waliokaa ukimbizini miaka zaidi ya 30 wakaja kupelekwa Marekani, wote walipita kwenye mlango huo. Na kichekesho ni kwamba aliyeisaini ni Rais Carter mwezi Machi 1980, mwezi ambao Ted mwenyewe alikuwa anazunguka majimboni kumng'oa huyo huyo Carter kwenye chama.

Sasa niende kwenye kitu ambacho yeye alikiita kazi ya maisha yake: bima ya afya kwa wote. Huku siku hizi tunaisikia kila bajeti, yeye alianza nayo 1970.

Mwaka 1964 ndege ndogo aliyopanda ilianguka, rubani na msaidizi mmoja wa Ted wakafa, Ted akavunjika mgongo akalala hospitali miezi. Mwaka 1973 mwanae wa miaka 12, Ted mdogo, akapatikana na kansa ya mfupa, wakamkata mguu, alafu akaingizwa kwenye matibabu ya majaribio. Pale wodini ndio seneta akakutana na wazazi wenzie wameuza nyumba, wanamuuliza daktari kama mtoto akichomwa nusu ya dozi au robo tatu bado kuna matumaini, manake hela imeisha. Yeye bima ya Seneti na mali ya baba vinalipa kila kitu. Alirudia kisa hiki miaka na miaka, na mimi nakiamini kuliko hotuba zake zote.

Lakini sikia alivyoikosa. Nixon, Republican, 1974 alileta mpango wake: waajiri walazimishwe kuwakatia bima wafanyakazi, na serikali iwachukue masikini. Kennedy alikuwa anataka mfumo mmoja wa serikali kwa wote. Akaanza kulegeza, akatunga mpango wa katikati na mbunge Wilbur Mills, vyama vya wafanyakazi vikamgomea, vikasema subiri Nixon anaanguka na ile kashfa ya Watergate, tutapata bunge letu, tutapata yote. Nixon akaanguka kweli Agosti 1974, Mills naye akaingia kwenye skendo na mcheza shoo, na bima ikaenda na maji. Miaka 36 baadaye sheria waliyoipata, ile ya Obama, ukiiangalia kwa karibu inafanana kuliko inavyopendeza na ile ya Nixon waliyoikataa. Kumi nenda urudi, heri kenda shika. Ted alijutia hilo waziwazi uzeeni.

Na kwa maoni yangu ndio kilichomgeuza akawa seneta mwingine. Kuanzia hapo akawa mtu wa kenda. Hakupata bima ya wote, basi 1996 akashirikiana na Nancy Kassebaum wa Republican, mtu akihama kazi asinyimwe bima kwa sababu ya ugonjwa alionao. 1997 akamshika Orrin Hatch wa Utah, mhafidhina hasa, mtu ambaye mwenyewe alisema alikwenda Washington ili apambane na Kennedy! Wakapandisha ushuru wa sigara wakatoa bima kwa watoto wa familia zisizo masikini wa kutosha kupewa bure wala tajiri wa kutosha kununua. Hatch alikuwa na hobi ya kutunga nyimbo, sasa mazungumzo yalipokwama Kennedy akamchukua msaidizi wake mwenye sauti nzuri akamwimbia mzee Hatch wimbo wake mwenyewe ofisini. Unacheka, lakini Seneti ndivyo inavyokwenda, kule hamna kushika shilingi, muswada ukitaka kupita lazima upate kura 60 kati ya 100 kufunga mjadala, vinginevyo wanaongea mpaka unakufa, kwa hiyo bila rafiki upande wa pili huna sheria. Hao hao wawili walishapitisha 1990 fedha za wagonjwa wa ukimwi wakati wanasiasa wengine hata kulitaja hilo jina walikuwa wanaogopa.

Nikigusia mengine haraka: aliwatetea walemavu kwenye sheria yao ya 1990, alipambana kima cha chini cha mshahara kipandishwe mara kadhaa, mwisho 2007 kutoka dola 5.15 kwenda 7.25 kwa awamu. Alizuia jaji Robert Bork asiingie Mahakama ya Juu 1987, kwa hotuba kali aliyoitoa ndani ya saa moja tu baada ya jina kutangazwa, na wengi wanasema uhasama wa majaji tunaouona leo ulianzia pale, mimi nakubaliana nao kwa sehemu. Alikuwa mmoja kati ya maseneta 23 waliokataa vita ya Iraki 2002, na akasema ndiyo kura bora aliyowahi kupiga. Kwenye utoaji mimba alibadilika, mwanzoni mwa miaka ya 70 aliupinga kama Mkatoliki, baadaye akawa mtetezi mkubwa wa haki ya mwanamke kuamua, na hakuwahi kuwaridhisha maaskofu tena.

Afrika Kusini lazima niiseme. Desemba 1984 alikwenda Ethiopia kwenye njaa, alafu Januari 1985 akaingia kwa makaburu kwa mwaliko wa Askofu Tutu, na usiku wa kwanza akalala nyumbani kwa Tutu Soweto, kitu ambacho Mzungu kisheria hakutakiwa kufanya bila kibali. Serikali ya Botha ikakasirika, hilo lilitegemewa, lakini hata vijana wa AZAPO, chama cha weusi wenyewe waliokuwa wanapinga ubaguzi, walimpinga, walimwona bepari wa Kimarekani aliyekuja kujitafutia urais kwa mgongo wao, mpaka hotuba yake ya mwisho pale kanisa la Regina Mundi ikafutwa. Mimi siwalaumu, walikuwa na haki ya kumshuku. Lakini aliporudi akaanza na muswada wa vikwazo pamoja na Lowell Weicker, na mwaka uliofuata vikwazo vikapita, Rais Reagan akapiga kura ya turufu, na Oktoba 1986 Seneti iliyoshikwa na chama cha Reagan mwenyewe ikaitupilia mbali turufu hiyo kwa kura 78 kwa 21. Kennedy hakuwa peke yake, wabunge weusi wa bunge la chini kina Ron Dellums walipambana na hili tangu mwanzo wa miaka ya 70 na hawapewi sifa yao.

Ngoja sasa nikuambie upande ambao wapenzi wake wanaupita mbio. Usiku wa tarehe 18 Julai 1969 kwenye kisiwa cha Chappaquiddick aliendesha gari likatumbukia kwenye maji kutoka darajani. Yeye akatoka. Mary Jo Kopechne, miaka 28, aliyefanya kazi kwenye kampeni ya kaka yake Robert, akabaki ndani akafa. Ted hakutoa taarifa polisi mpaka asubuhi, kama masaa kumi baadaye. Akakiri kosa la kuondoka eneo la ajali, akapewa kifungo cha miezi miwili cha nje, akarudi Seneti. Mtoto wa fundi au wa muuza samaki asingerudi popote. Sitafuti namna ya kulainisha hili, na wala sikubaliani na wanaosema sheria alizotunga zimelipa ile roho, sheria hazilipi roho ya mtu. Miaka ya 80 alikunywa sana, na 1991 kwenye kikao cha kumhoji Clarence Thomas, aliyeteuliwa ujaji wa Mahakama ya Juu, na Anita Hill aliyemtuhumu kumsumbua kingono, mtetezi mkuu wa wanawake alikaa kimya kwa sababu ya skendo za familia yake mwenyewe, hakuwa na mdomo.

Urais aliukosa hapo hapo darajani, ingawa alijaribu 1980. Mwandishi Roger Mudd wa CBS alimuuliza swali jepesi kuliko yote, kwa nini unataka kuwa rais, na mtu mzima akababaika mbele ya kamera utadhani hajawahi kujiuliza. Nafikiri ni kweli hakuwahi, alikuwa anafuata njia aliyochorewa. Akashindwa na Carter, akatoa hotuba ya kukubali kushindwa nzuri kuliko zote za kushinda mwaka ule, na baada ya hapo akatulia kuwa seneta tu, kazi aliyokuwa anaiweza.

Sasa kung'ang'ania. Alikaa karibu miaka 47, akashinda uchaguzi mara tisa, na Seneti cheo kinaenda na muda, ukikaa sana unapata uenyekiti wa kamati na wasaidizi wenye akili (mmoja wa wasaidizi wake, Stephen Breyer, alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu). Wapiga kura walikuwa na nafasi ya kumtoa kila baada ya miaka sita, na 1994 Mitt Romney wa Republican alimtoa jasho kweli, ikabidi aweke rehani nyumba, akashinda 58 kwa 41. Kwa hiyo sio kung'ang'ania kwa maana tunayoijua ya kubadili katiba. Ila kuna kimoja kilinikera. Mwaka 2004 Romney akiwa gavana, Democrat wa Massachusetts walibadili sheria gavana asiteue seneta wa muda, waliogopa seneta wao mwingine John Kerry akishinda urais Romney ataweka wa kwake. Agosti 2009 gavana ni wa chama chao, Ted ana kansa ya ubongo anajua anakufa, akaandika barua sheria ibadilishwe tena gavana aweze kuteua seneta wa muda, ili kura ya bima isipotee. Wakaibadilisha! Huo ni ujanja ambao ungefanywa huku tungeambiwa demokrasia yetu changa.

Akafa tarehe 25 Agosti 2009. Aliyeteuliwa, Paul Kirk, akapiga kura ile ya sitini mkesha wa Krismasi, alafu Januari kwenye uchaguzi mdogo kiti cha Kennedy kikachukuliwa na Republican, Scott Brown, ambaye alikuwa anaipinga hiyo bima. Ikabidi bunge la chini liuchukue muswada wa Seneti kama ulivyo, pamoja na mapungufu yake, na kuurekebisha pembeni. Walikuwa wameshajifunza ya 1974.

Kuhusu soda: mjomba alisema aliileta Kennedy, na Kennedy alikuwa kati ya watu kama wanne walioileta, ila ya 1965 iliyofuta zile nafasi 100 za Tanganyika aliisimamia yeye ukumbini. Wewe ulidhani ni John, na John kweli alitaka kuufuta ule mgawo kabla hajauawa. Nunua nusu kreti, chupa kumi na mbili, umpelekee mwenyewe, na yeye anunue nusu ya pili mnywe wote. Na ukijaza tena, jaza mwenyewe, usimwachie mtu wa steshenari akakuandikia barua pepe yake badala ya yako.